Besi Inayotangulia

Champhai, 6 Machi 1994

Ndugu yangu Biakhluna,

Kanda yako imenifikia. Dereva wa jipu aliifunga ndani ya soksi isivunjike, na soksi yenyewe hakuitaka tena, kwa hiyo nimepata vyote viwili. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama umeshaoa au bado unaimba tu.

Ndiyo, nitapiga besi. Nilikuwa nimeshakubali kabla sijafika mwisho wa barua yako, ila sikutaka nionekane nina njaa. Bendi mpya ya watu watatu, wewe Lunglei, Sangzela na ngoma zake Aizawl, mimi huku mpakani, na wote tumevuka arobaini. Watu watasema tumechanganyikiwa, na waseme. Jina la Romei, yaani ukungu, nimelipenda. Ukungu wetu wa asubuhi unajaza bonde zima la mpunga na hakuna anayeusikia ukija. Nadhani besi nayo inatakiwa iwe hivyo.

Gita ninalo. Nimelichonga mwenyewe kwa ubao uliobaki nilipotengeneza mimbari mpya ya kanisa letu. Nilimwomba ruhusa Mzee Thangchhunga kwanza. Akanitazama weee, akasema, "Kima, ubao huo ulikuwa wa kuhubiria." Nikamwambia nitajitahidi.

Sasa kazi. Mimi nafanya hivi: kanda inaimba wakati napiga randa. Mara ya kwanza sisikilizi maneno, nasikiliza tu pale unapovuta pumzi. Mpaka mbao ziishe ninakuwa nimeshajua unapenda kupumzika wapi. Baadaye naketi na gita, na nikiridhika naandika kwa do-re-mi kama tulivyofundishwa kwenye kwaya, maana zile nota za mistari mitano mimi sizijui, na wewe hujawahi kuzijua, ingawa huwa unatikisa kichwa. Wimbo wako wa "Mvua ya Alasiri" nimeupa besi inayotembea. Ule wa marehemu mama yako nimeupa nota chache. Wimbo wa mtu aliyetutoka hautaki mwenye kujionyesha. Nimezipiga zote mbili kwenye kanda, utazisikia.

Kuhusu mimi kuimba ile sauti ya chini, tutaona. Tuanze na vidole.

Wako katika Bwana,
Hrangkima

*

Champhai, 13 Machi 1994

Dada yangu Zohmingi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa wote hapo Aizawl. Kovu la shingoni limefunga vizuri. Mke wangu anasema linafanana na ukosi wa shati. Nakula kila kitu isipokuwa vitu vikavu. Tumbaku sijaigusa tangu siku ile, na hata tambuu naitazama tu kwa wenzangu.

Nina ombi. Biakhluna ananitaka kwenye bendi yake, nami nimekubali. Hajui kwamba daktari alipotoa uvimbe alitoa na sauti. Kwake mimi bado ni yule Kima wa kwaya. Ameandika wazi kabisa: watu watatu, sauti tatu, yeye juu, Sangzela katikati, mimi chini. Nikimwambia kwamba siku hizi nanong'ona kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi, atanipa pole, ataniombea, kisha atatafuta mwingine, na sitakuwa na la kumlaumu. Basi akipita hapo kwenye meza yako ya mboga, usimwambie. Sikuombi useme uongo. Omba tu asiulize.

Wewe nakueleza kwa sababu ndiwe uliyenilisha uji kwa kijiko kule hospitali. Jumapili kanisani siyo ngumu. Pagumu ni kwenye nyumba ya msiba. Juzi alifariki mama mkwe wa jirani, tukaenda kukaa na wafiwa, ngoma katikati, watu wamebanana, tunaimba. Aliyeita mistari ni Rualkhuma. Miaka yote hiyo ilikuwa kazi yangu. Watu wanamalizia mstari, na kabla hawajavuta pumzi mimi nimeshawapa maneno ya mstari unaofuata, nao wanaingia bila kitabu. Rualkhuma anaita vizuri. Anachelewa kidogo, lakini atazoea. Mimi nilikaa karibu na mlango nikanywa chai. Hakuna aliyenitazama kwa huruma. Nafikiri wangenitazama hivyo kidogo, nisingechoka sana.

Simlalamikii Mungu. Ameniachia uhai na vidole vyote. Ila ningependa kubaki kwenye bendi hii, dada. Hata kwenye sala nimelitaja hivyo hivyo, sikuzunguka.

Mdogo wako,
Hrangkima

*

Lunglei, 2 Aprili 1994

Kima wewe,

Bado sijaoa. Mwambie shemeji aniulize kitu kingine.

Ubao wa mimbari unalia vizuri kuliko hata yale magita ya dukani. Nimefurahi kweli. Lakini bwana, unakimbilia wapi? Naimba "mama umeketi dirishani", sijamaliza hiyo "ni", wewe umeshafika mstari wa pili unanisubiri na viatu mkononi. Na siyo mara moja, ni kila mwisho wa mstari. Mimi bado nashikilia nota ya huku, wewe umeshapiga ya kule, zinagombana kama wake wenza. Nilidhani kanda imevutika, nikaitoa, nikaizungusha kwa kalamu, nikairudisha. Wapi. Nikampelekea Sangzela. Akasikiliza, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Ndani ya hilo gita kuna mzee wa kanisa anawahi chakula."

Rekebisha, ndugu yangu. Besi inakaa chini ya neno, haiendi mbele yake.

Halafu nitumie sauti yako kwenye kiitikio cha wimbo wa mama. Unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba ukiimba, sahani zake kabatini zinakuitikia? Kiitikio hicho nimekitunga nikiwa na sauti yako kichwani. Nimeshawaahidi watu wa ukumbi kule Aizawl: Ijumaa, tarehe 7 Oktoba. Tukipendwa siku hiyo, tutaitwa na kwingine. Tukichekwa, mimi nitabaki kuwa karani na wewe seremala, na hakuna atakayeshangaa.

Biakhluna

*

Champhai, 24 Aprili 1994

Ndugu yangu,

Kanda nimeisikiliza tena na tena, na kosa silisikii. Nasikia mtu anayefika kwa wakati na mwenzake anayejivuta. Lakini wimbo ni wako. Niambie tu, mtu ataimbaje mstari ambao hajapewa? Mke wangu naye nimemsikilizisha. Amesema yeye haoni ubaya wowote, halafu amesema alikuwa akifikiria maharage.

Kuhusu sauti: koo langu si zuri mwaka huu. Hilo ni kweli tupu. Tuendelee na besi kwanza. Nakutumia ya wimbo wa tatu.

Hrangkima

*

Aizawl, 19 Juni 1994

Mdogo wangu Kima,

Mvua imeanza vibaya. Barabara ya kwenu wanasema imekatika mara mbili, kwa hiyo barua hii utaipata Mungu akipenda.

Biakhluna amekuja sokoni. Alinunua majani ya haradali asiyoyahitaji, akasimama. Akasema, "Pi Zohmingi, huyu ndugu yako ana nini? Namwomba sauti, ananipa habari za koo." Nikamwambia siku hizi unaongea kidogo. Akasema, "Kima? Aongee kidogo?" Nikajifanya namhudumia mteja. Mteja mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Sikudanganya, lakini sikupenda nilivyojisikia, na sitafanya tena. Na ujue jambo hili. Amepata kijana hapa, Lalnunzira, wanamwita Zira, aliyesomea muziki Shillong. Anapiga besi. Biakhluna anasema ni wa akiba tu, iwapo hutaacha kukimbia mbele ya wimbo. Mimi nimeuza mboga miaka mingi. Mtu akisema anatazama tu, ameshafungua pochi.

Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Unaweza kumweleza Mungu hadharani mbele ya kanisa zima lakini kwa rafiki yako unajificha nyuma ya koo. Nakutumia dagaa wakavu. Najua umesema vitu vikavu huwezi kumeza, waloweke.

Dada yako,
Zohmingi

*

Champhai, 10 Julai 1994

Ndugu yangu Biakhluna,

Umesema kweli na mimi nilikuwa mbishi. Nimeandika besi zote upya. Sasa inasubiri. Neno likishatua ndipo natua mimi. Mwisho wa kila mstari nimeweka kimya, na kwenye kimya hicho nilijifunga mkono kwa leso mara ya kwanza nilipofanya mazoezi, maana ulikuwa ukienda wenyewe. Sasa umezoea.

Kanda hii ni safi. Sangzela hatasikia mzee yeyote ndani yake.

Huku mpunga umepandwa. Mzee Thangchhunga ameuliza kama ubao unahubiri. Nimemwambia umeanza kutii.

Hrangkima

*

Lunglei, 14 Agosti 1994

Kima,

Nilikuwa Aizawl wiki nzima. Mimi na Sangzela tumefanya mazoezi juu ya kanda yako mpya. Kila kitu kiko mahali pake. Sangzela amefurahi, anasema sasa ngoma na besi zinatembea kama mume na mke waendao kanisani. Zira pia amesikiliza, amesema ni sahihi. Basi, ni wewe, nimeamua. Zira nimemwambia aje kutusikiliza tu siku hiyo.

Jambo moja, na sijui kwa nini nakuandikia. Kwenye wimbo wa mama nimepotea maneno mara mbili. Maneno niliyoyatunga mimi mwenyewe. Namaliza mstari, naingia kwenye kile kimya chako, na mbele yangu hakuna kitu. Sangzela anasema nimechoka. Huenda.

Njoo Alhamisi, siku moja kabla. Sehemu yako ya sauti ya chini sijamfundisha mtu. Tutaipitia hapo hapo, wewe huhitaji zaidi.

Biakhluna

*

Champhai, 11 Septemba 1994

Ndugu yangu Biakhluna,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Leo nimetoka ibadani na nimeomba niimalize.

Sina sauti. Mwaka jana nilikatwa uvimbe kooni, hapo hapo Aizawl, na dada yangu ndiye aliyeniuguza. Nimepona, Mungu asifiwe, ila kinachotoka sasa ni pumzi tu. Ukikaa karibu utanielewa. Kuimba hakuna, wala hakutakuwepo. Sikukuambia kwa sababu wewe uliita sauti, nami nilitaka nije. Dada yangu usimlaumu, nilimfunga mdomo mimi.

Kuna la pili, nalo nimelijua juzi tu. Tulikuwa kwenye msiba wa mzee mmoja wa mtaa wa chini. Rualkhuma alikuwa akiita. Nimekaa kwenye benchi, mikono magotini, nasikiliza. Kila watu walipokaribia mwisho wa mstari, kabla Rualkhuma hajafungua mdomo, vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vimeshabonyeza goti. Nikavitazama. Vikarudia. Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi kidogo.

Basi ndicho hicho ulichokuwa unakisikia. Nilikuwa nakuitia mistari. Sikujua, kwa jina la Mungu sikujua. Nilifikiri napiga besi. Wewe mtu wa bendi unataka mtu wa kukaa chini ya neno, na mimi nilikuwa nimekaa msibani. Ulikuwa na haki ya kukasirika.

Sasa unajua yote. Kama utamtaka Zira kwa sababu ana vidole na sauti pia, nitaelewa, na besi nilizoandika ni zako. Kama sitapata jibu, nitakuja Alhamisi kama ulivyosema, na utaniambia uso kwa uso.

Hrangkima

*

Lunglei, 16 Oktoba 1994

Kima,

Barua yako ya Septemba imenifikia jana. Kumbe ililala Serchhip kwa sababu ya maporomoko, pamoja na gunia zima la barua za watu. Nimeisoma mara mbili. Kwa hiyo uliposhuka kwenye jipu ile Alhamisi ulidhani najua na nimenyamaza, na mimi nilikuwa sijui lolote. Ulifungua mdomo unisalimie, ikatoka hewa.

Niliyoyasema pale stendi niliyasema, siwezi kuyameza. Nilisema, "Ungeniambia, Zira angeshajua sehemu zote mbili." Nilikuwa nawaza onyesho, sikuwaza wewe. Dada yako ndiye aliyenivuta shati akasema, "Mpe kesho. Ukimaliza kesho, fanya unachotaka." Sikukubali kwa wema. Nilikubali kwa sababu Zira alikuwa na mafua.

Wewe jukwaani ulikuwa umeinamia nyuzi zako karibu muda wote, kwa hiyo nikueleze kilichoonekana kwa mbele.

Nyimbo za kwanza ulipiga kama ulivyoandika Julai. Vijana walikuwa wamesimama, wengine wanacheza, Sangzela anatabasamu. Hakuna wa kulalamika. Ukaja wimbo wa mama. Kiitikio cha kwanza nilikipita. Ubeti wa pili nilikuwa naona mwisho wake unakuja na najua baada ya hapo hakuna kitu, kama mtu anayetembea kwenye ukungu kuelekea ukingo wa bonde. Nikamaliza mstari. Kimya chako kile. Nikageuka kukutazama, sijui nilitaka nini kwako, wewe mtu usiye na sauti.

Na wewe ukatangulia. Nota tatu za mwanzo wa kiitikio, kabla ya wakati wake, kama kwenye ile kanda ya kwanza niliyokutukania. Nikapata neno. Lakini hawakunisubiri niliimbe mimi, Kima. Ukumbi ulikuwa umeshaingia. Walikuwa wamekisikia kiitikio mara moja tu, na wakaingia wote, wakubwa na vijana, kwa ule mwendo wa taratibu wa msibani. Nilisimama na gita langu nikawafuata. Kila mstari ukawa hivyo mpaka mwisho: wewe mbele, wao nyuma yako, mimi nyuma yao.

Halafu wakakaa chini. Hukuona hilo. Viti havikutosha, wakakaa sakafuni, wamebanana, akina mama wawili mbele wakiyumba. Mwenye ukumbi akaja pembeni ya jukwaa, akaniuliza kwa wasiwasi, "Samahani, nani amefariki?"

Sijui kama hiyo ndiyo bendi niliyoitaka. Nilitaka watu wacheze. Sangzela naye bado hajui afurahi au akasirike, anasema hajawahi kupigia ngoma watu waliokaa. Ila tumeshaitwa Kolasib mwezi wa kumi na mbili, na aliyetuita ametaja wimbo huo tu.

Nimeamua hivi. Zira ataimba sauti ya chini na hatagusa besi. Amekubali. Aliniuliza wewe ulisomea wapi, nikamwambia misibani, akadhani namtania. Utakuja siku mbili mapema umfundishe kwa mkono, maana anaiimba kama mtu anayepiga miayo.

Besi zote zirudishe zilivyokuwa mwanzo. Isipokuwa "Mvua ya Alasiri". Huo ukitangulia bado unanikera.

Nakutumia wimbo mpya. Haujaisha.

Biakhluna

*

Champhai, 6 Novemba 1994

Ndugu yangu Biakhluna,

Tumeshavuna, ashukuriwe Mungu. Mke wangu amesoma barua yako kwa sauti, nami nikamwomba asome tena ile sehemu ya mwenye ukumbi.

Uliyoyasema stendi usiyarudie tena. Nilikuwa nimeyasikia kichwani mwangu tangu Machi, kwa hiyo yaliponifikia hayakuwa mageni. Na tusifanye ya Oktoba kuwa muujiza. Nilikuona umegeuka, uso wako ulikuwa ule ule wa mfiwa anayemtazama mwenye kuita. Ningewezaje kusubiri.

Besi zimerudi zilivyokuwa. "Mvua ya Alasiri" nimeuacha uendelee kutii. Mwambie Zira aniletee nyuzi mpya za gita, nitamfundisha sauti kwa kumgonga kifuani, ndivyo na mimi nilivyofundishwa, na aje ameshiba.

Wimbo huu mpya nimeusikiliza wiki nzima nikipiga randa. Ubeti wa kwanza upo, wa pili upo. Kwenye wa tatu kanda inakata na wewe unasema, "Hapa bado." Nimejaribu nota kadhaa, zote ni za kubahatisha. Siwezi kumwitia mtu mahali ambapo mwenyewe hajafika. Kwa hiyo hapo nimeandika do moja, ndefu, nimeishikilia. Tunga taratibu, nitaishikilia mpaka uje.

Wako katika Bwana,
Hrangkima